Moyo Ukisimama, Gari la Wagonjwa Lingali Mbali

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alitumia kasia kusaidia kufungua mlango wa nyuma, abiria wakaanza kutoka mmoja mmoja. Watu 24 walinusurika, 19 wakafariki. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kisa hicho kilisimuliwa nchi nzima kuwa kisa cha ushujaa, na ni haki yake. Kinaonyesha pia nani hufika kwanza. Gari likipinduka mlima Kitonga, mtoto akitumbukia kisimani, mzee akianguka msikitini, anayekuwapo si daktari. Ni jirani, abiria mwenzake, dereva wa bodaboda, mwalimu wa zamu, muuza matunda. Wataalamu hufuata baadaye. Dakika hizo za kuwasubiri ndizo mwongozo huu unazozungumzia.

Mwili wenyewe haujui kusubiri. Moyo ukisimama, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika 4 hadi 6 ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika. Kila dakika inayopita bila mtu kumbonyeza kifua, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa msomaji apige hesabu ya safari ya Dar es Salaam kutoka Mbagala hadi Hospitali ya Muhimbili jioni ya foleni, au kutoka kisiwa cha Ukara hadi hospitali yenye daktari wa dharura. Hata gari la wagonjwa likiwa limejaa mafuta na dereva ameshika usukani, halitafika ndani ya dakika 6.

Mashabiki wa soka wamewahi kuyaona haya kwa macho yao. Juni 12, 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka dakika chache kabla ya mapumziko katika mechi dhidi ya Finland. Nahodha Simon Kjær alikuwa miongoni mwa waliomfikia mapema. Madaktari wakambonyeza kifua, wakatumia mashine ya kushtua moyo, na Eriksen alitolewa uwanjani akiwa na fahamu. Mwaka uliofuata alikuwa akicheza tena ligi ya Uingereza. Miaka 18 kabla yake, Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye umri wa miaka 28, alianguka mjini Lyon katika mechi dhidi ya Colombia. Yeye hakuinuka tena.

Uwanjani kuna madaktari wanaolipwa kuwa pale. Mtaani kuna watu tu, na Denmark iliamua kuwafundisha watu hao. Kuanzia 2005 mafunzo ya kubonyeza kifua yaliwekwa kwenye shule za msingi, na kuanzia 2006 anayetaka leseni ya udereva alitakiwa kuyapitia. Mwaka 2001, kati ya watu 100 waliosimama moyo nje ya hospitali nchini humo, 21 tu walibonyezwa kifua na waliokuwa karibu. Kufikia 2010 walikuwa 45. Waliokuwa hai siku 30 baadaye waliongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Magari bora ya wagonjwa na matibabu bora yalichangia pia, lakini raia waliokubali kupiga magoti barabarani wana sehemu yao kubwa.

Mbinu yenyewe si ya kale. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, watafiti watatu wakiongozwa na William Kouwenhoven, ambaye alikuwa mhandisi wa umeme, walitangaza kwamba damu ya mtu ambaye moyo wake umesimama inaweza kusukumwa kutoka nje, bila kupasua kifua. Kabla ya hapo daktari alilazimika kufungua mbavu na kuukamua moyo kwa mkono. Walichokigundua hakikudai chumba cha upasuaji wala kifaa. Kilidai mikono miwili tu.

Tuseme mtu ameanguka ghafla sokoni. Angalia kwanza hatari: waya wa umeme, magari, moto, gesi. Ukishaona pako salama, piga magoti kando yake, mtikise mabega, mwite kwa sauti. Haitiki. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu, sogeza shavu lako karibu na pua yake huku ukitazama kifua, kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui, au anavuta pumzi za kukwamakwama zenye mkoromo na zilizoachana mbali, chukulia kwamba moyo umesimama.

Pumzi hizo za mkoromo zinawapoteza wengi. Mtu mmoja katika kundi husema, “Bado anapumua jamani, mwacheni apate hewa,” na wote wanarudi nyuma kumpisha. Zile si pumzi za kuulisha mwili. Ni ubongo unaoishiwa. Wengine hutetemeka kidogo mwanzoni, watu wakadhani ni kifafa. Asiyeitika na asiyepumua kawaida anahitaji kubonyezwa kifua, na ukikosea ukambonyeza aliyezimia tu, atakusukuma mkono au atalalamika. Madhara yake ni madogo mno ukilinganisha na kumwacha.

Omba msaada kwa kumtaja mtu. Ukisema “pigeni simu,” katika kundi la watu 30 kila mmoja ataamini mwenzake anapiga. Nyoosha kidole: “Dada mwenye mtandio wa kijani, piga simu hospitali, weka sauti ya nje. Wewe kaka, tafuta gari. Wewe, wasogeze watu.” Watu waliokuwa wakipiga picha hugeuka wasaidizi pale wanapopewa kazi.

Kisha fanya kazi. Awe amelala chali juu ya ardhi au sakafu ngumu. Kama yuko kitandani mshusheni chini, kwa sababu ukibonyeza juu ya godoro kinachozama ni godoro. Weka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Kiganja cha pili kikae juu yake, vidole vipishane na viinuliwe visiguse mbavu. Viwiko vinyooke, mabega yako yawe juu ya viganja vyako, na uzito wa mwili ndio ushuke, si nguvu za misuli ya mkono. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, karibu urefu wa kidole gumba cha mwanamume. Wanaojifunza kwa mara ya kwanza hushangaa hapa: wengi hubonyeza juujuu kwa kuogopa kuumiza. Baada ya kila mkandamizo kiachie kifua kirudi juu kabisa bila kuondoa mikono, kwa maana moyo hujaa damu wakati huo.

Kasi ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, karibu miwili kila sekunde. Muziki wa singeli hukimbia mno, haiwezi kukuongoza. Hesabu kwa sauti hadi 30, ukiwa umefundishwa toa pumzi 2, kisha rudi kifuani. Kama hukufundishwa, au humjui mtu huyo na unaogopa kugusana naye mdomo kwa mdomo, endelea kubonyeza tu bila kukatiza. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla hiyo inatosha kwa dakika za mwanzo, kwa kuwa damu yake bado ina oksijeni.

Baada ya dakika mbili utachoka, hata kama una nguvu za kubeba viroba. Mwite mwingine ashike zamu, mbadilishane kila dakika 2 bila kupoteza sekunde katikati. Mbavu zinaweza kulia au kuvunjika. Usiache. Mbavu huunga. Acha pale tu anapoanza kupumua kawaida, mtaalamu anapochukua nafasi, au nguvu zinapowaishia wote mliopo. Usafiri ukipatikana ni wa pikipiki, usimpakie mtu wa namna hiyo akining'inia katikati ya watu wawili. Endeleeni kubonyeza hapo mlipo hadi lipatikane gari analoweza kulazwa chali, na njiani endeleeni kadiri nafasi inavyoruhusu.

Mtoto hubonyezwa kwa mkono mmoja, na mchanga kwa vidole viwili au vidole gumba viwili huku mikono imemzunguka kifua. Kina kiwe theluthi moja ya unene wa kifua chake. Kwa watoto anza na pumzi 5 za taratibu kabla ya kubonyeza. Walimu wanaofuata mwongozo wa Marekani hufundisha kuanza na mikandamizo 30, kisha pumzi 2, na njia zote mbili ni bora kuliko kutofanya kitu.

Ukweli mmoja lazima usemwe wazi. Moyo wa mtu mzima uliokwama wenyewe kwa hitilafu ya umeme wake, kama wa Eriksen, huhitaji ile mashine ya kuushtua, na mashine hizo ni nadra mitaani kwetu. Kubonyeza kifua kunanunua muda, hakumalizi tatizo. Kwa hiyo asiyeamka baada ya juhudi zote hajauawa na mikono ya jirani aliyejaribu. Lakini wapo watu wengi ambao moyo wao hauna kasoro yoyote: husimama kwa sababu pumzi imekatika au damu imeisha. Aliyezama, aliyepaliwa, dereva wa bodaboda anayevuja damu mapajani. Hao wanaweza kuokolewa bila mashine, akiwapo mtu anayejua la kufanya. Kwa Afrika Mashariki, hapo ndipo huduma ya kwanza ina faida kubwa kuliko kote, na hapo ndipo pa kutumia muda mwingi wa mafunzo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi mno wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na wa mwambao kutoka Lamu hadi Mtwara, hawahitaji kuambiwa. Mtoto mdogo hufa hata kwenye ndoo ya maji ya kufulia.

Usiruke majini kama hukufundishwa uokoaji. Anayezama hung'ang'ania chochote kinachomkaribia, na mara nyingi hutolewa maiti mbili badala ya moja. Mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko. Linaelea vizuri na karibu kila nyumba inalo. Mrushie kamba, ubao, au mnyooshee kasia ukiwa umelala kifudifudi ukingoni.

Akishatolewa, iachwe ile desturi ya kumning'iniza kichwa chini miguu juu na kumkamua tumbo. Maji yanayotoka kwa njia hiyo mengi ni ya tumboni, si ya mapafuni. Kumkamua humtapisha, matapishi yakaingia kwenye njia ya hewa, na dakika zinapotea. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali, inamisha kichwa, inua kidevu, bana pua yake kwa vidole viwili, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, puliza kwa muda wa sekunde moja huku ukitazama kifua kikiinuka. Kisipoinuka, rekebisha kichwa na ujaribu tena. Toa pumzi 5, kisha mikandamizo 30, pumzi 2, na kuendelea. Kwa aliyezama pumzi haziachwi. Akizinduka apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Kupaliwa hutokea mezani, mbele ya watu wengi, na huisha vibaya kwa sababu kila mtu anatoa ushauri wake. Mmoja anampuliza utosini, mwingine anamwinua mikono, wa tatu analeta maji. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Hakuna dawa bora kuliko kikohozi chake. Akinyamaza, akashika koo, asiweze kusema wala kuvuta pumzi, simama ubavuni mwake, muinamishe mbele, mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5, kwa nguvu. Kitu kikiwa bado kimekwama, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa ghafla mara 5. Endelea kubadilisha, 5 mgongoni na 5 tumboni. Mjamzito au mtu mnene sana avutwe kifuani badala ya tumboni.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hawekewi ngumi tumboni kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko makalio, mpige mgongoni mara 5. Mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usiingize kidole kukitafuta kitu usichokiona, utakisukuma chini zaidi. Karanga, mbegu za ubuyu, pipi ngumu na sarafu viwekwe mbali na watoto wadogo. Yeyote aliyepaliwa akipoteza fahamu, mlaze chini uanze mikandamizo 30, na kila mara kabla ya pumzi tazama mdomoni kama kitu kimetokeza.

Kuna jambo dogo ambalo pengine linapuuzwa kuliko yote: kumlaza mtu ubavu. Asiye na fahamu lakini anapumua, akiachwa chali, ulimi wake hurudi nyuma na matapishi yake humziba. Mlevi aliyelala barabarani, mgonjwa aliyemaliza kutetemeka kwa kifafa, mtoto mwenye degedege, wote wanahitaji hilo. Piga magoti kando yake. Mkono wake ulio karibu nawe uweke pembeni umekunjwa kwenda juu. Lete mkono wa pili shavuni pake, kunja goti la mbali, livute kuelekea kwako hadi mwili mzima ugeuke. Inamisha kichwa nyuma kidogo ili mdomo utazame chini. Baki naye, tazama pumzi zake.

Na kwa kifafa, kijiko kisiingizwe mdomoni. Huvunja meno na kumpalia. Usimkandamize, usimmwagie maji, usimnusishe kiatu. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa, tazama saa. Ikizidi dakika 5, au akirudia bila kuzinduka katikati, ni hospitali. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa mguso. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wamtazame mgonjwa akiungua motoni bila kumvuta.

Damu sasa. Mtu mzima ana lita 5 hivi, na mshipa mkubwa ukikatika anaweza kufa kabla maji ya chai hayajachemka. Ajali ya bodaboda, panga, kioo, mashine ya kusaga: popote inapotoka kwa wingi, bonyeza. Khanga safi iliyokunjwa mara kadhaa, viganja viwili, uzito wa mwili, bila kuchungulia. Wengi hubonyeza sekunde 20, huinua waone kama imekoma, na kila wakiinua wanaanza upya. Bonyeza angalau dakika 10 mfululizo. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake bila kutoa cha kwanza. Mikono yako ifunike kwa glavu au hata mfuko wa mkate.

Kama ni mkono au mguu na damu haikomi kwa kubonyezwa, funga kwa kubana. Chukua kitambaa kipana, si waya wala kamba nyembamba. Kifunge sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha upande wa kuelekea mwilini, kisiwe juu ya goti wala kiwiko. Piga fundo, weka kijiti imara, funga tena, zungusha kijiti hadi damu ikome. Itamuuma sana. Andika saa uliyofunga kwa kalamu kwenye mkono wake, na usikilegeze hadi hospitali. Kitu kilichochoma mwilini, kisu au nondo, kiachwe hapohapo na kizungushiwe vitambaa kisitikisike.

Majeruhi wa barabarani asivutwe mikono na miguu kupakiwa garini, isipokuwa gari linawaka au hatari nyingine inamkaribia. Shingo yake ichukuliwe kuwa imeumia hadi daktari aseme vinginevyo. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikae kilivyo, wengine wamwinue kwa pamoja juu ya mlango, ubao au blanketi lililokazwa.

Mengine yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na bado yanasaidia kama saa tatu hazijapita tangu aungue. Dawa ya meno, mayai, unga na mafuta vinafungia joto na kumpa muuguzi kazi ya kuvikwangua. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asipewe maziwa wala kutapishwa, kwa maana yanayorudi juu huingia mapafuni. Apelekwe hospitali na chupa aliyonywea. Aliyeumwa na nyoka, awe swila, koboko au kifutu, asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kubana. Avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe kwa banzi, abebwe badala ya kutembea. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla swichi kuu haijazimwa. Waliolala na jiko la mkaa chumbani watolewe nje kwanza, maswali baadaye.

Lori la mafuta likipinduka, kimbia mbali. Agosti 10, 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori kulipuka wakati watu wakichota mafuta. Hapo hakuna huduma ya kwanza inayotosha.

Kinachowazuia watu wenye moyo wa huruma mara nyingi ni hofu, na hofu hizo zina sababu. Wengine wanaogopa kuitwa polisi kutoa maelezo. PF3, ile fomu ya polisi kwa majeruhi, ni fomu ya ushahidi. Haina neno linalomkataza mtu kukandamiza jeraha barabarani. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Wengine wanaona haya. Utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani hubonyezwa kifua mara chache kuliko wanaume, na hakuna sababu ya kuamini kwamba hali ni bora kwetu, ambako stara ina uzito mkubwa zaidi. Mwanamke anaweza kubonyezwa kifua juu ya nguo yake nyepesi, kinamama wakishika khanga kuwazunguka. Wapo kwenye kila msiba na kila harusi watu wa kushika khanga hizo.

Kusoma tu hakutoshi. Ushahidi mzuri wa hilo umetoka Tanzania yenyewe, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara. Wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyelia apumue ndani ya dakika ya kwanza, wakitumia mwanasesere anayejazwa maji apate uzito wa mtoto. Anatengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway, ambayo mwasisi wake, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto mjini Stavanger, alitoa mwaka 1960 mwanasesere wa kwanza wa kujifunzia kuokoa pumzi. Baada ya siku ile moja wakunga walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapohapo kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka. Katika hospitali nane za Tanzania zilizotumia mafunzo hayo, ripoti ya 2013 ilionyesha vifo vya namna hiyo vimepungua kwa asilimia 47.

Kwa hiyo tafuta mafunzo, kisha panga kurudia. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoanzishwa 1962, na cha Kenya, kilichoanza 1965, vina matawi mikoani na kwenye kaunti. St John Ambulance iko Kenya tangu 1928. Kikundi kinapunguza gharama: kikoba cha kinamama, kijiwe cha bodaboda, kwaya, madrasa, walimu wa shule moja wanaweza kuchanga na kumwita mkufunzi mmoja kwa siku nzima. Madereva wa bodaboda wapewe kipaumbele. Ndio wanaoona ajali nyingi, na ndio wanaopata nyingi pia. Baada ya mafunzo, kila baada ya miezi mitatu kutaneni dakika 15 kabla ya kikao cha kawaida: mmoja alale chini alazwe ubavu, mwingine afungwe mguu kwa khanga na kijiti, watu wabonyeze mto mgumu uliowekwa sakafuni huku mwenzao akishika saa ya simu na kuhesabu hadi 110 kwa dakika. Kifua cha mtu mzima asiye mgonjwa kisibonyezwe kwa mazoezi.

Nyumbani weka mfuko mmoja mahali panapojulikana na wote, na mtoto asipoweza kuufikia: glavu jozi kadhaa, vitambaa safi vilivyofuliwa na kukaushwa juani, bandeji pana, mkasi, tochi, kalamu, khanga moja kuukuu na kijiti cha urefu wa kiganja. Nyuma ya mlango bandika karatasi yenye namba. Tanzania: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 115 kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini. Kenya: 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Chini yake andika namba ya hospitali ya karibu, ya dereva mwenye gari anayelala mtaani kwenu, na ya mtu wa mtaa aliyekwisha kufundishwa. Zipige namba hizo tatu za mwisho leo jioni, uhakikishe bado zinapatikana na wenyewe wanajua kwamba wamo kwenye orodha.